Nani Amekunywa Beki wa Kushoto?

Naomba radhi mapema, kabla sijaharibu. Kisa hiki kilihitaji mtu mwenye mpangilio, na mimi mpangilio niliuacha jukwaani, kwenye kikundi cha maigizo cha mji wetu, Dumyat, nilikokuwa nikicheka kabla mzaha wangu mwenyewe haujafika mwisho. Mkiona mambo yanachanganyika humu ndani msijilaumu. Sisi tuliokuwepo hatujayaelewa mpaka leo. Kijiwe chetu ni benchi refu la mbao nje ya mkahawa wa Ami Bayumi, limeegemea ukuta wa uwanja wa timu yetu, Nusur. Tuko karibu na timu kiasi cha kuisikia ikihema. Kuiona ni habari nyingine, maana tangu mashabiki wapigwe marufuku viwanjani, mechi zinachezwa milango imefungwa, na televisheni haina muda na timu za daraja letu. Kwa hiyo siku za mechi mimi hupanda juu ya paa la nyumba yangu, ng'ambo ya barabara, nikatangaza kwa sauti, na kijiwe kizima kikakaa chini kikinywa kahawa na kunisikiliza. Ndiyo maana naitwa Redio. Mechi za ugenini tunazipata kwa simu kutoka kwa dereva wa basi la timu, ambaye mechi ikianza hulala. Sasa msimu ulikuwa umeisha, tumefungwa mabao ya kutia aibu, nusu ya mji imehamia Ras el-Bar kuoga baharini, na sisi tuliobaki tulikuwa na kazi moja jioni ile: kuirekebisha ngome ya Nusur kabla ya adhana ya magharibi.

Kazi hiyo ilitoka kwa mwenyekiti wa klabu, tajiri anayewauzia mbao mafundi wote wa samani mjini. Alimwita Haji Randa, fundi makabati, akamwagiza amletee neno la mashabiki: beki gani aachwe? Haji Randa alirudi kijiweni tumbo limetangulia, yeye akifuata, kama mtu aliyeteuliwa waziri.

Haji Randa: Kaeni vizuri. Mwenyekiti kasema hivi: "Haji, siku za mechi mimi niko bandarini napokea mbao. Nyinyi ndio mnaoijua timu. Kocha mpya yuko njiani kutoka Iskandaria, nataka akute nimeshafagia. Nipe jina moja, baada ya magharibi."

Ustadhi Bikari: Jina si linajulikana? Mji mzima unalijua.

Huyu Bikari alifundisha hisabati mpaka akastaafu, na hadi leo akiongea ananyoosha kidole kama ameshika chaki.

Haji Randa: Linajulikana, Ustadhi, lakini lizungukie kwa mbali. Baba wa mwenye jina ndiye anayetupikia kahawa.

Jina lenyewe ni Muntasir, beki wetu wa kati, jezi namba nne, mtoto wa pekee wa Ami Bayumi. Mama yake hayupo duniani. Nyumba ile wamebaki wawili, wanakula maharage yao ya ful kwenye sahani moja na kugombania kipande cha mwisho cha mkate. Akiachwa na Nusur, timu iliyomuulizia ni moja tu, iko Wadi Jadid, huko jangwani, mbali kiasi kwamba Ami Bayumi akiitaja hupunguza sauti kama anayetaja ugonjwa. Jioni ile alijua vizuri tunajadili nini. Alisimama kwenye jiko lake la mchanga wa moto, mgongo ametupa sisi, na masikio ametupa sisi pia.

Wa nne wetu alikuwa Tembe, muuzaji wa duka la dawa la pale kona, ambaye wateja wakiwa wageni hujiita daktari.

Tembe: Basi tuseme tu "yule namba nne".

Ami Bayumi (bila kugeuka): Namba nne ana jina.

Tukainamia dhumna zetu mezani.

Ami Bayumi: Kahawa za namna gani?

Haji Randa: Sukari ya kiasi, Ami, Mungu akuweke.

Ustadhi Bikari: Kama yake.

Tembe: Mimi sukari nyingi.

Mimi: Mimi yoyote ile, Ami. Mkono wako haukosei.

Haji Randa: Tuanze. Mimi natengeneza makabati tangu sijaota ndevu. Ngome ni kabati. Mlango wa kabati ukining'inia, mjinga anabadilisha mlango. Fundi anatazama bawaba. Beki wa kati ndiyo bawaba, na yetu imelegea.

Tembe: Kwa hiyo tubadilishe bawaba.

Haji Randa: Hapana! Unaongeza bawaba. Mabeki wa kati wawe watatu.

Ustadhi Bikari: Na Muntasir ni mmoja wa hao watatu?

Haji Randa: Yeye wa nne.

Ustadhi Bikari: Umesema watatu.

Haji Randa: Watatu ndio bawaba. Yeye ndiye mlango.

Tembe: Si mlango ndio unaoning'inia?

Haji Randa: Ndiyo maana aachwe!

Ustadhi Bikari: Halafu bawaba zishike nini, Haji? Bawaba tatu hewani?

Haji Randa akafungua mdomo, akaufunga. Ulifunga vizuri tu, bawaba zake bado nzima.

Ustadhi Bikari: Nyamazeni sasa, niwafundishe. Tatizo letu ni pembe. Goli ni mstari, mpira ni nukta. Nukta ikisogea, pembe inapanuka. Nimelifundisha hili maisha yangu yote, na hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyewahi kufungwa bao.

Mimi: Kuna aliyewahi kucheza?

Ustadhi Bikari: Usiniingilie, Redio. Dawa yake hii hapa. Mabeki wote wanne wasimame juu ya mstari wa goli, bega kwa bega. Kipa atoke aende mbele.

Haji Randa: Mbele wapi?

Ustadhi Bikari: Katikati ya uwanja.

Tembe: Kipa?

Ustadhi Bikari: Si ndiye pekee anayeruhusiwa kushika? Mtu mwenye mikono unamficha nyuma ya wasio na mikono, hiyo ni akili ya wapi?

Tembe: Lakini Ustadhi, akitoka nje ya boksi haruhusiwi kushika.

Ustadhi Bikari: Refa naye atakuwa bado ameduwaa.

Tukatazamana. La kutisha ni kwamba lilikaribia kuingia akilini.

Kahawa zikafika. Ami Bayumi aliviweka vikombe mezani kimoja kimoja, kwa kishindo, kama anayepiga muhuri. Tembe akaonja, uso ukamkunjamana.

Tembe: Ami, mimi niliagiza sukari nyingi. Hii haina hata harufu yake.

Ami Bayumi: Sukari imehamia Wadi Jadid.

Akarudi jikoni. Tembe akameza uchungu wake kimya kimya, halafu akainama mezani na kushusha sauti, ingawa sauti ya Tembe ikishushwa ndiyo inasikika zaidi.

Tembe: Mnajua kwa nini tunafungwa? Ubahili.

Haji Randa: Ubahili wa nani?

Tembe: Wetu, watu wa Dumyat. Nchi nzima inatucheka, mgeni akitutembelea tunamuuliza kama ameshakula nyumbani kwake. Timu pinzani ikija hapa, hatuwapi hata maji. Wanaingia uwanjani na njaa. Na mtu mwenye njaa, kitabibu, anakimbia!

Ustadhi Bikari: Kitabibu?

Tembe: Kitabibu kabisa. Lakini ukimkaribisha, ukamkalisha, ukamshindilia mushabbak inayodondosha shira, ile ya rangi ya chungwa, na jibini, na mkate wa moto, ukamwongezea hata akikataa... straika gani ataruka baada ya hapo? Atakaa kwenye boksi letu ana usingizi. Atamuuliza kipa wetu mto uko wapi.

Haji Randa: Na hiyo mushabbak atanunua nani?

Kila mtu alitazama upande wake.

Tembe: Mnaona? Ndiyo maana tunafungwa.

Haji Randa akaona maneno hayatoshi. Akaifagia meza kwa kiganja, akapanga: bakuli la sukari likawa goli letu, glasi ya maji ikawa kipa, vikombe vinne vya kahawa vikawa mabeki, na dhumna zikawa wapinzani, zote nyeusi, zote zinakuja. Kikombe cha katikati, hakuna aliyekitaja jina, lakini sote tulikijua. Bikari akavisukuma vikombe mpaka vikagusa bakuli na kuitoa glasi ya maji nje, ikakaa ukingoni mwa meza. Tembe akaleta sahani ya majivu, akaiweka mbele ya dhumna, akasema hiyo ndiyo meza ya chakula cha wageni. Haji Randa akaongeza njiti tatu za kiberiti, ndizo bawaba. Mimi nikazungusha meza kidogo nione vizuri, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika.

Haji Randa: Umefanya nini? Sasa dhumna zinalinda goli letu!

Ustadhi Bikari: Afadhali. Angalau zimepangwa.

Tembe: Hizi ni njiti au mabeki?

Haji Randa: Hizo ni bawaba, usiwashe! Subiri. Moja, mbili, tatu... Mabeki walikuwa wanne. Kikombe cha huku kiko wapi? Nani amekunywa beki wa kushoto?

Tukatafuta chini ya meza. Tukatazamana midomo. Masharubu ya Ustadhi Bikari yalikuwa yamelowa.

Ustadhi Bikari: Alikuwa anapoa.

Haji Randa: Ustadhi! Yule ndiye beki pekee asiye na lawama!

Ustadhi Bikari: Alikuwa mchungu kama wenzake.

Katikati ya zogo hilo akaja Ami Bayumi na kitambaa begani. Alianza kuondoa vyombo bila kuuliza. Akachukua beki wa kulia, akachukua bawaba akazitia mfukoni, akachukua kipa akammwaga barabarani. Haji Randa alinyoosha mkono kuzuia, Ami Bayumi akautazama ule mkono, ukarudi wenyewe. Akafika kwenye kikombe cha katikati. Akakiinua, akakifuta ndani kwa kitambaa, akakifuta na nje, taratibu. Kisha akakirudisha palepale mbele ya bakuli la sukari.

Ami Bayumi: Huyu asitoke.

Akaondoka. Hakuna aliyekuwa na la kusema, kwa hiyo tukaendelea kusema.

Haji Randa: Ami, usituelewe vibaya. Sisi sote tumemlea Muntasir. Msimu wa juzi si sisi tuliokuwa tunamwita ukuta? Redio, si wewe uliyetangaza kwamba hapiti hata upepo?

Mimi: Nilitangaza.

Haji Randa: Alikuwa ukuta, akageuka pazia. Kitu gani kimembadilisha?

Tembe: Amechumbia.

Ustadhi Bikari: Alichumbia kabla ya hapo. Ni vile viatu vya kijani. Rangi ileile ya nyasi. Akitazama chini haioni miguu yake.

Haji Randa: Mimi nasema ni milingoti. Sikilizeni, hili nimelifikiria sana. Milingoti yetu ya goli ni ya chuma. Mimi nitawatengenezea ya mbao ya zani. Zani ikila unyevu inavimba. Mechi za msimu wa baridi, mvua kidogo, umande kidogo, milingoti inavimba kuelekea ndani, na goli linajifinya lenyewe. Refa alipime akitaka, mbao ni kazi ya Mungu.

Ustadhi Bikari: Na kipindi cha pili, tukihamia goli la upande mwingine?

Haji Randa: Lile tunaliacha na chuma chake.

Ustadhi Bikari: Basi tutafungwa huko.

Haji Randa: Si ndiko tunakofungwa siku zote? Goli la upande wa msikiti! La upande wa mtoni hatuna tabu nalo.

Ustadhi Bikari: Basi milingoti ya zani iweke kule kwa msikiti.

Haji Randa: Na kipindi ambacho wapinzani ndio wanalinda kule?

Ustadhi Bikari: Tutakuwa tumewafinyia wao.

Tembe: Kwa hiyo tutafunga vipi?

Haji Randa: Nani amezungumzia kufunga? Tunazungumzia ulinzi!

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nyuma ya mnara wa msikiti. Mzunguko wa pili wa kahawa ulikuwa maji ya moto yenye kumbukumbu ya kahawa. Haji Randa akafunga kifungo cha juu cha shati lake, akasema hawezi kwenda kwa mwenyekiti na habari za kipa katikati ya uwanja. Yeye ametumwa jina. Tunyooshe mikono. Akanyoosha wake. Tembe akanyoosha nusu, kiwiko mezani. Bikari akanyoosha kidole kimoja, akasema hicho ni sehemu ya kumi ya kura. Wangu ulikuwa bado mfukoni, unajifikiria. Jikoni, dele la shaba lilikuwa linachemka mpaka linafurika, na Ami Bayumi, ambaye hajawahi kuunguza kahawa tangu tumjue, alikuwa amesimama tu analitazama.

Ndipo mgeni akaketi mwisho wa benchi.

Mtu wa makamo, ndala, kofia ya jua, na boksi la mushabbak aliyoinunua njia panda. Alilifungua, akatusogezea. Sisi watu wa Dumyat tulilitazama boksi kama bomu.

Mgeni: Karibuni, jamani.

Tembe (akininong'oneza): Usile. Ndiyo mbinu yangu ileile.

Akala vipande viwili.

Mgeni: Nimesikia mnapiga kura. Mnachagua nini?

Haji Randa: Tunamwacha beki. Namba nne. Ndiye tundu la timu, mji mzima unajua.

Mgeni: Hata mimi nimeambiwa. Nimeambiwa na mwenyekiti wa klabu. Nikamuuliza kaambiwa na nani, akasema dereva wake. Dereva nikamuuliza, akasema kinyozi. Kinyozi nimetoka kwake sasa hivi, kanielekeza kwenye benchi hili na paa lile. Nyinyi mmeambiwa na nani?

Haji Randa: Sisi? Sisi ndio chanzo, bwana. Tuna mtu wetu anayeona kwa macho.

Akanipiga bega kwa fahari. Lile bega linaniuma mpaka leo.

Mgeni: Vizuri. Basi nisaidieni kuelewa, maana nimechanganyikiwa. Huyu kijana anacheza kipindi kimoja akilinda goli la mtoni, na kingine akilinda la msikitini, si ndiyo?

Tembe: Kama kila mtu.

Mgeni: Goli la mtoni akoje?

Haji Randa: Pale simba. Anaokoa, anaruka, analala chini. Redio alikuwa anatangaza mpaka nywele zinasimama.

Mgeni: Na la msikitini?

Haji Randa: Pale balaa. Kila bao ni yeye. Kateleza, kapigwa tobo, kasinzia, kasimama anafunga kamba ya kiatu.

Mgeni: Mtu mmoja, siku moja, viatu vilevile. Ana nini na msikiti?

Ustadhi Bikari: Pembe.

Tembe: Jua linampiga machoni.

Haji Randa: Ardhi ya kule ina unyevu.

Mgeni: Labda. Mimi sijui. Lakini swali langu ni dogo tu. Goli la mtoni mnaliona kutoka pale juu ya paa, upande huo naona hata mimi uko wazi. Goli la msikitini mnaliona kutoka wapi?

Hapo, wasomaji wangu, kijiwe kizima kiliinua shingo. Ng'ambo ya barabara lilikuwa paa langu, na juu ya paa langu, upande ule wa msikiti, lilikuwa limekaa tangi la maji jekundu, pana, jipya, limenona kama ng'ombe wa Idi. Walilitazama. Wakashusha macho kwenye ukuta wa uwanja, wakapima. Wakalitazama tena. Ustadhi Bikari alifumba jicho moja na kunyoosha kidole gumba, na kwa mara ya kwanza jioni ile hesabu yake ilitoka sawasawa.

Ustadhi Bikari: Redio. Tangi lile umelipandisha lini?

Mimi: Lipi?

Haji Randa: Redio!

Mimi: Kiangazi kilichopita. Kabla ya msimu huu tu.

Tembe: Muntasir akiwa bado ukuta.

Mimi: Maji yalikuwa hayapandi, jamani! Mke wangu alisema tangi au yeye.

Haji Randa: Kwa hiyo mabao ya kule ulikuwa unayaonaje?

Mimi: Siyaoni, nayasikia. Wapinzani wanashangilia, filimbi inalia, na nyinyi huku chini mnapiga kelele, "Redio, nani? Nani kaharibu?" Mtangazaji anaweza kusema sijui? Mngeninyima kahawa.

Mgeni: Na kwa nini siku zote Muntasir?

Hili ndilo swali nililokuwa naliogopa. Nikatazama jikoni. Ami Bayumi alikuwa amezima jiko. Alikuwa amekuja mpaka kwenye meza, kitambaa mkononi, anasubiri kama sisi.

Mimi: Mabeki wengine ni Taha, Ali na Saad. Jaribuni nyinyi kupaza "Taha" kutoka kule juu, barabara imejaa pikipiki. Linafia hewani. "Ali" ndiyo kabisa. Lakini Mun-ta-siiir! Linafika mpaka soko la samaki. Jukwaani tulifundishwa hivyo: ukisahau maneno, sema lile litakalowafikia watu wa safu ya nyuma.

Sikuwahi, katika maisha yangu yote ya uchekeshaji, kupata kimya kizuri namna ile. Ami Bayumi alikikunja kile kitambaa mara mbili.

Ami Bayumi: Jina nilichagua mimi. Mama yake alitaka fupi. Nikamwambia hapana, nataka siku moja lisikike.

Halafu akamgeukia mgeni.

Ami Bayumi: Bwana, kahawa yako namna gani?

Mgeni: Sukari ya kiasi, Ami. Na mwanao mwambie kesho aje mazoezini mapema. Mimi naitwa Ilhami, ndiyo kwanza nimefika kutoka Iskandaria. Sitamwacha mtu ambaye sijamwona, wala sitamsifu. Nitamtazama magoli yote mawili.

Haji Randa alisimama, akaketi, akasimama tena, akashindwa kuamua amsalimie kocha au ajifiche chini ya benchi. Na adhana ya magharibi ikaanza, karibu kabisa, kutoka ule msikiti wa goli letu la balaa.

Haji Randa: Kapteni, mimi natakiwa kwa mwenyekiti sasa hivi. Anasubiri jina. Nimpelekee jina gani?

Kapteni Ilhami alikuwa anapokea kahawa yake, na harufu yake ilitupita sote puani, kahawa ya kweli, ya kwanza jioni nzima. Akanywa, akafumba macho. Haji Randa akanitazama mimi. Tembe akanitazama. Ustadhi Bikari akaninyooshea kile kidole cha chaki. Hapakuwa na haja ya kura.

Basi ndivyo ngome ya Nusur ilivyoimarishwa kiangazi kile. Mabeki wote wanne wamebaki. Aliyeachwa ni mmoja tu, na sasa siku za mechi anakaa chini kwenye benchi kama wenzake. Kule paani anapanda Ami Bayumi, na kwa matangazo yake, tangu msimu mpya uanze hatujafungwa hata bao moja, na kila mpira ulioondolewa kauondoa Muntasir. Gazeti la asubuhi linasema vingine, lakini kahawa ina sukari na hakuna anayeuliza. Mimi nimeamriwa nilishushe tangi, na bado nasitasita, maana ukipima kwa haki, msimu ule Nusur walikuwa na beki mmoja tu aliyeziba goli zima bila kupitwa, na ni mimi niliyemsajili, nikampanga upande wetu, asione mtu.